Kwa Dada Limi, Kuhusu Yale Majani ya Mahindi

Dada Limi,

Mfereji uliotenganisha shamba lako na langu nimeufukia. Nimeufukia mwenyewe kwa jembe, siku tatu, baba Kabula akinitazama kutoka zizini bila kuuliza kitu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliona kwanza kama ungefungua mlango wako asubuhi ya leo.

Najua hukujifunza kusoma. Karatasi zako za zahanati ulimpa mwanao Holo akusomee, mtoto wa miaka minane, hukuniletea mimi niliyefika kidato cha nne na ambaye mlango wangu ulitazamana na wako. Hilo nililiona nikaliweka moyoni. Nilisema kuna kitu ananificha. Sasa naandika barua kwa mtu asiyejua kusoma, tena hayupo. Lakini nikijaribu kuyasema kwa mdomo sauti inakatika, ndiyo maana nimechukua daftari.

Wewe na mimi tuliolewa na mwanamume mmoja, baba Kabula, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, siyo yako. Wewe ulikuwa umekaa naye miaka kumi na sita aliponitoa Murusagamba, kule Ngara karibu na Burundi, akanileta hapa Nyamigogo. Ninyi mlitoka Shinyanga na ng'ombe wenu, nyumbani mkiongea Kisukuma. Mimi nilikuja na Kihangaza changu ambacho hapa hakuna wa kunijibu. Kati yangu na wewe kulikuwa na Kiswahili tu, chako kifupi, changu cha darasani. Mimi nilikuita Rimi, wewe uliniita Levina, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Ulipoongea na dada yako Minza mkacheka, nilijua mnanicheka. Siku niliyokwenda kliniki ukanifagilia uwanja, niliporudi nilizunguka nyumba nikikagua udongo, nione kama kuna mahali pamechimbwa. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka ulikuja ukakaa nami mchana mzima bila kusema neno, ukinikanda miguu. Nilikuwa nimelala nimefumba macho, lakini sikuwa usingizini. Nilikuwa nasikiliza kama unanong'ona kitu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, dada. Sikuambii ili unionee huruma.

Halafu ukaja ule msimu wa mahindi. Mvua za vuli zilikatika mahindi yakiwa kiunoni. Udongo wa upande ule unaujua, umelimwa mahindi juu ya mahindi tangu mlipofyeka pori, na samadi yote baba Kabula alikuwa ameipeleka kwenye nyanya zake bondeni. Majani ya chini yakaanza kugeuka njano, kwanza ncha, kisha njano ikaingia katikati ya jani kwa kufuata mshipa, kama kabari. Nikasema ni ugonjwa. Nikaanza kuyanyofoa, yaliyokwisha kuwa njano na yale yaliyokuwa bado nusu kijani, nikiwapelekea mbuzi.

Ulikuja ukasimama mpakani, jembe begani.

"Levina, acha hayo."

"Yana ugonjwa, dada."

"Hayana. Jani bado linahama. Acha lihame."

Mimi nilisikia neno moja tu. Hama. Nilisimama na lile jani mkononi. Nilijua kuna siku utalisema, na sasa ulikuwa umelisema, kwa mafumbo, ili kesho ukiulizwa uweze kukana. Ukaondoka. Mimi nikaendelea kunyofoa, tena kwa nguvu zaidi, mpaka mwisho wa shamba.

Jioni nilimwambia baba Kabula, "Mke wako mkubwa amenitaka nihame." Akacheka. Nikaona na yeye yumo.

Siku chache baadaye nikakuona kwa mbali umeinama ndani ya shamba langu. Siyo mpakani. Ndani. Nilijibanza nyuma ya migomba nikasubiri uondoke, kisha nikaenda kutazama. Kwenye mistari yangu mitatu ya mwanzo, kila shina lilikuwa limezungushiwa majani makavu ya mahindi, yamelazwa vizuri, na juu ya majani kuna vijiwe. Kila shina na kijiwe chake. Nilikusanya yote, majani na vijiwe, nikayabeba kwa khanga hadi uwanjani, nikayachoma mbele ya nyumba yangu mchana kweupe ili uone. Uliona. Ulikuwa unapepeta choroko. Uliweka ungo chini, ukatazama moshi, kisha ukaingia ndani.

Kikao cha familia kilichofuata unakikumbuka kuliko mimi. Alikuwepo baba Kabula, kaka yake mkubwa, na Minza. Shemeji akakuuliza ulikuwa unafanya nini kwenye shamba la mwenzako.

Ukasema, "Nilikuwa nafunika ardhi."

"Kwa nini ufunike ya kwake?"

"Ilikuwa inakauka."

"Na vijiwe?"

"Upepo."

Basi. Mimi niliongea sana siku ile, nikaitaja hata ile mimba. Nilipoitaja uliinua uso ukanitazama, na mimi nikaitazama mikono yako. Ndipo shemeji akaamua kila mtu awe na lake, pachimbwe mfereji, kila mmoja awe na jiko lake, na hakuna kuvuka.

Mavuno yalipofika, mahindi yako yalikuwa membamba lakini punje zimejaa mpaka ncha. Yangu yalikuwa na mapengo, mengine hayakuwa na punje kabisa. Nikajiambia, ushahidi ndio huo.

Hukuugua muda mrefu, au ndivyo tulivyodhani. Daktari wa hospitali ya wilaya alisema figo zilikuwa zimechoka siku nyingi, na hukuwa umemwambia mtu. Siku ile Minza aliporudi nyumbani kuoga na kubadili nguo, baba Kabula aliniambia niende nikakae na wewe. Nilikuja na uji kwenye chupa. Nilikuwa sijavuka mfereji tangu uchimbwe, na sasa nilikuwa nakushika kichwa unywe. Ulikunywa nusu kikombe. Ukaniuliza, "Holo atalala wapi?"

Nikasema, "Kwangu." Lilitoka kabla sijafikiri.

Ukatikisa kichwa kukubali, ukafumba macho. Kesho yake asubuhi, Minza akiwa amesharudi kitandani kwako, ukaondoka.

Tukakuzika nyuma ya nyumba, upande wa mihogo. Watu walijaa, dada, hata wale wa ng'ambo ya mto. Matanga yalipokwisha, watu wakiwa wanatawanyika, Minza alinifuata jikoni.

"Uji ule ulikuwa wa unga gani?"

"Wa ulezi."

"Ulisagia wapi?"

"Mashineni, kama watu wote."

Akatikisa kichwa taratibu. Mimi nakijua kichwa kinachotikiswa namna hiyo. Ni changu. Ni kichwa cha mtu aliyepata jibu na kuliweka mahali, akisubiri la pili. Tangu siku hiyo kisimani wanawake wawili watatu huacha kuongea nikifika, na safari hii si kwa sababu ya Kisukuma.

Mahindi ya vuli nilipanda yote, yako na yangu, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mvua zikawa zilezile, za kuja na kuondoka. Mwanao Kabula akaja likizo ya Krismasi. Sasa yuko mwaka wa pili chuoni Morogoro, anasoma mambo ya mimea, amekuwa mrefu kukuzidi. Alikuja amekonda, sijui ni masomo au ni wewe. Siku ya pili alinikuta shambani nikinyofoa majani ya chini. Alisimama palepale uliposimama wewe.

"Mama mdogo, shikamoo. Kwa nini unayanyofoa?"

"Marahaba. Yana ugonjwa."

Akainama, akaligeuza jani moja juu na chini bila kulikata. "Hili halina doa hata moja. Lingekuwa na madoa ningekuambia tulitoe. Hii ni njaa."

Akaniambia mahindi yakikosa chakula udongoni, hasa naitrojeni, hayakai tu kusubiri kufa. Seli za jani, yaani vile vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo ndivyo vinavyolifanya jani, zinaanza kujila zenyewe.

"Kujila?"

"Ndiyo. Lakini siyo kuoza, kuna utaratibu. Ndani ya seli unajitengeneza utando mwembamba. Unazunguka sehemu zilizochakaa, au ambazo mmea unaweza kuishi bila hizo, unazifunga kama furushi. Lile furushi linapelekwa kwenye kifuko kikubwa kilichomo humo humo ndani ya seli, na huko linameng'enywa mpaka vinabaki vipande vidogo vya kujengea upya. Halafu vipande vinasafiri kwenda kwenye majani machanga ya juu, na baadaye kwenye punje. Chuoni wanaita otofaji. Maana yake ni hiyo, kujila mwenyewe."

Nikamwuliza na jua je, maana si udongo peke yake uliokuwa unayatesa. Akasema hata ukame na joto huharibu vitu ndani ya seli, na vitu vilivyoharibika vikiachwa humo vinaleta madhara, kwa hiyo utaratibu uleule unavizoa. Akasema wamefundishwa kuna mimea ambayo utaratibu huo umeharibika tangu mbegu. Ukiilisha vizuri, karibu huwezi kuitofautisha na mingine. Ikose mbolea tu, ndiyo inayogeuka njano mapema na kufa kabla ya wenzake.

"Kwa hiyo njano ni nzuri?" nilimwuliza, nikitaka kumtega.

"Hapana, mama mdogo. Njano inakuambia shamba lina njaa, dawa yake ni samadi au mbolea. Lakini likishaanza, jani linatoa kilichomo polepole. Ukilinyofoa likiwa nusu kijani, unawapa mbuzi chakula ambacho mmea ulikuwa unakivuta kupeleka juu. Subiri likauke lenyewe. Likikauka ni tupu, lilaze chini lifunike udongo."

Lilaze chini lifunike udongo. Hayo aliyasema hivi hivi, bila kujua. Kwenye kikao hakuwepo, na hakuna aliyemwambia habari za vijiwe.

Na unajua nilifanya nini, dada? Nilimshuku. Nilisema huyu amekuja kumsafisha mama yake. Minza amemwambia kila kitu, wamepanga, ameleta maneno ya chuo ili nionekane mjinga. Nikamtazama usoni muda mrefu. Akadhani sijaelewa, akaanza kueleza upya, na kwa kidole akachora kifuko mchangani.

Nikamwambia vizuri, tutaona. Tukahesabu mistari minne pembeni mwa mfereji, udongo mmoja, mbegu moja. Miwili niinyofoe kama ninavyonyofoa siku zote, miwili isiguswe. Nilitaka kumkamata, sikutaka kujifunza. Alipoondoka kurudi chuoni niliilinda ile mistari kama mtu anayemvizia mwizi. Nilikagua mashina nione kama kuna aliyekuja kuweka samadi kwenye ile miwili isiyoguswa. Nilimkataza Holo kupita hapo. Baba Kabula akaniuliza nina nini na mistari hiyo, nikamwambia aende kwenye nyanya zake.

Nikawa naangalia jani moja moja. Yale niliyoyaacha yalififia taratibu, njano, kisha rangi ya majani makavu, mpaka nikiyagusa yanavunjika kwa sauti. Na wakati yanafifia, ya juu yalibaki kijani. Kwenye mistari niliyonyofoa, nikitoa ya chini, yanayofuata nayo yanaanza, nikitoa hayo, yanaanza mengine, ni kama nilikuwa naufukuza mmea mmoja kwenda juu mpaka ukakosa pa kukimbilia.

Nilivuna mwenyewe, sikumruhusu mtu. Nikamenya na kuweka makundi mawili juu ya turubai. Hayakuwa mavuno ya kujisifia, hata yale mazuri. Lakini yale yasiyoguswa yalikuwa yamejaa, membamba, mpaka ncha. Nilikuwa nimewahi kuyaona mahindi ya namna ile. Nilikaa chini kwenye turubai, nikayashika, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Nikampigia simu Kabula. Alinisikiliza. Akasema mistari miwili siyo utafiti, mwaka mwingine inaweza kuwa vingine, nisiwatangazie watu kama amri. Mtoto wako ni mwaminifu hata pale ambapo uongo ungemfaa. Ndipo nikamweleza yote, kikao, vijiwe, moshi, na lile neno. Nikamwambia mama yako aliniambia jani linahama, mimi nikasikia nihame.

Akaniomba nilirudie lile neno.

Kisha akasema, "Mama mdogo, neno hilo ni langu."

Akaniambia ulimpigia akiwa kidato cha sita, kwa simu ya kuazima. Ulimweleza kwa Kisukuma kwamba jani la chini likigeuka njano, nguvu yake inatoka inakwenda juu, wewe ulikuwa umeliona hilo tangu usichana wako, na sasa ulitaka kumweleza mtu asiyejua Kisukuma, useme vipi. Kabula alikuwa na haraka, kengele ilikuwa imelia. Akakuambia, "Sema linahama."

Uliomba neno kwa ajili yangu. Ulimtafuta mtoto shuleni, ukaomba simu kwa mtu, ili tu uje usimame pale mpakani na neno moja mkononi. Na mimi nikalichukua hilo neno nikakupeleka nalo kikaoni.

Nimeuacha mstari huu kwa siku mbili.

Nilimwambia baba Kabula. Akasema hayo yamepita. Hayajapita. Nikamwomba amwite kaka yake na Minza, nikapika ugali wa mahindi yale, nikachinja jogoo. Wakakaa. Nikasema mbele yao kwamba dada Limi hakufanya kitu chochote kibaya shambani kwangu, kwamba alikuwa anafunika ardhi kama alivyosema, na kwamba mimba yangu ilitoka kwa sababu ambazo hakuna anayezijua, nami nilimsingizia. Shemeji alikohoa, akasema ni vizuri mtu kusema ukweli, akanawa mikono akala.

Minza hakula. Alinitazama.

"Kwa nini unayasema sasa?"

"Kwa sababu sasa ndiyo najua."

"Au kwa sababu watu wanaongea?"

Ningekuwa yeye ningeuliza vilevile. Nilimwambia tu, "Watu wataendelea kuongea. Mimi nimesema la kwangu."

"Nimesikia," akasema. Alipoondoka nilimfungia ugali na paja la jogoo kwenye bakuli, nikafunika kwa sahani. Alisita, akapokea. Akashika njia ya kwao akiwa amelishika bakuli mbali na mwili kidogo, kama mtu anayebeba maji ya moto. Sijui kama alikula au alimwaga njiani. Nilitaka sana kujua. Nilisimama mlangoni mpaka akapotea kwenye mihogo, na sikumfuata kuangalia.

Limebaki moja, na ndilo linalonifanya niandike. Holo analala kwangu kama nilivyokuambia. Anakula vizuri, amepoteza jino la mbele, amekuwa wa pili darasani. Ameanza kuniita mama, si mama mdogo. Kila akiniita nahisi naiba. Hajui kwamba mimi ndiye niliyemwita mama yake mchawi mbele ya watu. Siku moja atasikia kisimani, au kwa Minza, kwa maneno ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nakuahidi, dada Limi. Akimaliza mtihani wake wa darasa la nne nitamketisha nimweleze mwenyewe, tangu mwanzo, bila kujipunguzia. Akitaka kukaa, atakaa. Akisema anataka kwenda kwa Minza, mama yake mkubwa, nitamfungia nguo zake kwa mikono yangu nimpeleke hadi mlangoni, na sitamwambia neno la kumrudisha.

Pumzika, dada yangu.

Mimi, Revina